Bogenvilia ya mama ilivyonusurika kupikwa kwenye greenhouse yangu

Wakuu, salamu kutoka Kisangani. Haya yamenikuta mwenyewe, hapa nyumbani kwa dada yangu, na sijaongeza chumvi.

Mimi ni mtu wa kuzunguka. Bunia, Butembo, Goma, kote nimekaa na kote nimeondoka. Safari hii nilirudi nikakuta parcelle yetu, kiwanja na nyumba, ya mtaa wa Mangobo hapahapa mjini imeuzwa, na mama amehamia kwa yaya Mado, dada yangu mkubwa.

Mama hakulilia nyumba. Alililia bogenvilia ya mlangoni, ile ya rangi ya chungwa aliyoipanda marehemu papa, baba yetu.

Nilipofika Mangobo, mmiliki mpya alikuwa ameshaing'oa, imelala kando ya ukuta. Nikaomba matawi yaliyokuwa bado mabichi, nikayafunga kwa jani la mgomba, nikapanda toleka, zile baiskeli zetu za abiria, hadi nyumbani.

Yakifa haya, hakuna mengine.

Sasa, niliwahi kufanya kazi ya maua Butembo. Kule ni baridi, vipandikizi tulivifungia ndani ya plastiki pande zote. Nikafanya vilevile: miti, plastiki, nikaziba kila tundu. Nilijiona fundi kweli.

Wakuu, joto la Kisangani halihitaji kusaidiwa.

Majani yakaanza kuwa meusi. Yaya Mado akainua plastiki, mvuke ukamjia usoni.

"Leki, mdogo wangu, hii si maua. Iko chikwange. Tutakula na nini?" Chikwange ni mkate wetu wa muhogo, unaofungwa kwenye majani na kupikwa kwa mvuke.

"Yaya, acha. Niko najua kazi."

"Bon. Ikiiva utaniita."

Mama hakucheka. Alirudi tu ndani, na hilo ndilo lililoniuma.

Mchana ule niliingiza kichwa mle mwenyewe, nikatoka nimelowa jasho kama nimetoka kuoga. Hapo nikaelewa.

Nikaondoa plastiki yote ya pembeni, ya juu nikaiacha kwa ajili ya mvua, nikaitandikia makuti ya mchikichi. Vilivyooza nikatupa. Vilivyobaki nikavichomeka kwenye mchanga wa mto, nikawa navinyunyizia maji asubuhi na jioni.

Nilikuwa nimepanga kupanda boti kwenda Yangambi. Boti ikaondoka bila mimi. Nani angenyunyizia?

Vingi vilikufa hata hivyo. Kimoja kikatoa kijani kidogo, kisha kingine. Siku ya kukihamishia kwenye kopo, mama akaja kuona mizizi, myeupe kama uzi. Akaiangalia, halafu akaangalia begi langu, ambalo tangu nifike lilikuwa mlangoni.

"Hii imekubali kukaa," akasema. "Bado wewe."

Yaya Mado alicheka mpaka akakaa chini.

Nilichojifunza: kabla hujaiga greenhouse ya mtu, uliza kwanza kwao wanakimbia baridi au joto. Na begi nimelisukuma chini ya kitanda. Kwa sasa.

Wenye uzoefu na bogenvilia, mwageni ujuzi hapa: mnafanyaje mizizi iwahi kutoka? Mama ameshaonyesha mahali pa ya pili, upande wa kushoto wa mlango, na anauliza kila asubuhi.