Laptop ya Wamama wa Litein Ilivyofika Sri Lanka

Rafiki yangu, wewe najua ukiambiwa kitu unaishika, kwa hivyo nakuelezea hii safari vile ilikuwa, bila kuongeza chumvi.

Sababu ya kuondoka ilikuwa hii. Sisi wamama wa senta yetu ya kupimia majani chai, hapa karibu na Litein, tulialikwa mkutano wa wakulima wadogo wa chai huko Sri Lanka. Ilikuwa aende mmoja tu. Wakanichagua mimi kwa sababu nilisoma gumbaru, ile shule ya watu wazima ya jioni, na huko ndiko nilifunzwa kompyuta. Picha za kazi yetu yote zilikuwa ndani ya laptop ya kikundi, na nilitumwa nikazionyeshe. Bila hiyo laptop ningeenda tu kukaa na kula chakula ya watu.

Siku ya kuagwa, wamama walikuja kwangu tukaomba. Sasa huku kwetu kitu ikienda mbali inashonwa, usiulize kwa nini. Kogo Tabutany, nyanya yetu wa kikundi, alitoa aproni ya plastiki, ile tunavaa shambani umande isituloweshe, akafunga laptop nayo vizuri. Akachukua sindano ya gunia na uzi ya nailoni. Kila mama alishona kidogo akisema maombi yake. Kogo alimalizia kwa fundo.

"Na nikitaka kuifungua?" nikamuuliza.

"Utafungua ukifika. Kwani unaenda kuichezea njiani?"

Nairobi, uwanja wa ndege. Pale mlangoni begi zilipita kwa mashine na hakuna mtu aliniuliza kitu. Nikashukuru Mungu. Nikapeana begi kubwa, ikaenda, na mkasi wangu ya kufungulia laptop ikiwa ndani. Kumbe kuna ukaguzi ingine mbele, kabla ya kuingia ndege. Hapo watu walikuwa wanatoa mishipi, wanatoa viatu, na laptop kila mtu anaiweka kwa trei yake. Mimi nikapitisha begi yangu ya mkono vile iko. Mashine ikasimama.

Askari alikuwa msichana mpole. "Mama, laptop inatoka kwa begi, inakaa trei yake pekee."

Nikaitoa na aproni yake. Akaigeuza huku na huku. "Hii ni laptop ama ni mtoto amelala?"

"Ni laptop. Imeshonwa na maombi."

"Maombi ni sawa, mama. Lakini lazima tuione yenyewe. Isipofunguliwa, itabaki hapa."

"Basi si unisaidie na mkasi."

"Mkasi hapa? Hiyo ndiyo tunanyang'anya watu."

Kijana mmoja kwa laini nyuma yangu akasema, "Mathe, kwenu laptop hushonwa kama gunia ya viazi?"

"Na ya mahindi pia," nikamwambia. Watu wakacheka. Mimi roho haikuwa inacheka, kwa sababu ndege yetu ilikuwa imeanza kuitwa.

Nikakaa kwa benchi nikaanza kukata na meno. Wacha nikwambie ukweli, haikuwa aibu ya meno iliniumiza. Kila uzi nilikuwa naona ni kama natupa maombi ya mtu. Hii ya Mama Chelangat, hii ya jirani yangu Akinyi. Yule askari aliniangalia, akainama.

"Mama, hizo nyuzi weka mfukoni. Hakuna mahali nyuzi imekatazwa."

Nikazikusanya. Ikabaki ile fundo ya Kogo, na hiyo ilikataa kabisa. Msichana akashika aproni upande mmoja, akaivuta, mimi nikauma. "Mimi ni wa Sotik, hapo karibu na Litein, kwa chai pia," akasema polepole. "Hii aproni niliijua mara moja." Fundo ikaachilia. Laptop ikalala kwa trei pekee yake, ikapita, na mimi nikatembea haraka viatu zikiwa mkononi.

Mahali tulibadilisha ndege kulikuwa na ukaguzi tena. Hapo nilikuwa nimeshatoa laptop kabla niambiwe.

Sri Lanka, milima yao ni kama yetu, majani ni yale yale, mvua pia. Mwenyeji wangu, Kumari, naye huchuma chai. Tulisikizana kwa Kiingereza yetu ya kubahatisha. Kwa mkutano picha zilionekana zote kwa ukuta. Akaona nyuzi ndani ya Biblia yangu, mahali nilizihamisha kutoka mfukoni, akauliza ni za nini. Nikamweleza. Hakucheka. Alitaka nimtajie majina ya wenyewe, mmoja mmoja, nikamtajia.

Nikarudi Litein mchana, wamama wakiwa senta wanangoja lori ya majani. Niliogopa kuwaonyesha. Kogo alipokea aproni na nyuzi, akazipitisha nyuzi kwa vidole mpaka akapata fundo yake.

"Hii ilitoka lini?"

"Ya mwisho, Kogo. Watu wawili ndio waliitoa."

Alifurahi huyo mama, rafiki yangu, akaenda akiambia kila mtu vile fundo yake ilishinda mtu mmoja. Kesho yake akaniletea ile aproni ikiwa imeshonwa upya kama mfuko, mdomo yake inafungwa na kifungo alitoa kwa sweta yake.

Nilijifunza kwamba maombi ya watu wangu hayakuisha uzi ilipokatika. Na laptop inakaa juu kabisa ya begi, mahali mkono inafika. Ukisikia mtu wa kwetu anasafiri nje, tafadhali mpelekee haya maneno, hata kama ni kwa simu, kabla mama yake hajatoa sindano.