Mbegu za Pamba, Maziwa ya Mzazi

Nilipotoka chuoni, katika miaka ya sitini, na kupelekwa Lamu kuwa bwana shamba, niliamini kwamba serikali yetu mpya haingemtendea mwananchi kama ilivyomtendea ile iliyoondoka. Mji wa Siyu, kule kisiwani, ulinionyesha vingine.

Ofisi yetu ya Mokowe ilikuwa imewagawia wakulima mbegu za pamba zilizopakwa dawa ya kuua wadudu. Onyo lilichapwa kwenye magunia kwa Kiingereza peke yake, nayo yalipelekwa Siyu, mji ambao watu wake wameandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu tangu enzi za mababu.

Mama mmoja wa makamo alinikaribisha kwa kikombe cha maziwa. Nilipomsifia ng'ombe wake, alisema anamlisha mbegu zilizosalia baada ya kupanda. Nikakiweka kikombe chini.

"Bi, zile zina sumu."

"Nalijua zina uchafu, kwa ile harufu. Nimezikosha mara tatu kwa mai ya kisima. Najisi gani haitoki kwa mara tatu, Bwana Shamba? Au sumu ya serikali ina dini yake?"

Akacheka. Nikamweleza kwamba dawa ile haiyeyuki majini. Huingia katika mafuta ya mnyama, kisha hutoka na maziwa. Kicheko kikakatika.

"Mwanangu ni mzazi, yuko ndani. Siku ya kumi na mbili leo anakunywa maziwa haya, na mtoto ananyonya."

Nilirudi Mokowe siku ileile, nikamwomba mkuu wangu maziwa yale yapelekwe kupimwa.

"Ya ng'ombe mmoja?" aliuliza. "Gunia lina maandishi, kijana. Asiyeyasoma amejitakia."

Maneno hayo yananichoma hadi leo. Mwanamke yule alikuwa ameshika usafi kuliko sisi sote. Sisi ndio tuliomnyima neno moja la lugha yake.

Juma lililofuata nilirudi Siyu, nikamkuta amekwisha kumkataza binti yake maziwa yale ya ng'ombe.

"Mjukuu wangu atasalimika?"

"Sijui, Bi."

"Na hao waliokutuma?"

"Hawataki kujua."

Akaniburutia gunia la mbegu zilizobaki. "Basi wapelekee, wazile wao."

Nililibeba begani hadi mashuani, na huko Mokowe nikalitua juu ya meza ya mkuu wangu, juu ya karatasi zake.