Wali Mwekundu wa Mgodini

Jana usiku nililala Japani, katika nyumba ya wageni iliyo karibu na mgodi wa kale wa fedha, nikaota nimerudi mgodini. Mchana tulikuwa tumeutembelea, sisi wanafunzi wa madini. Bibi aliyetuongoza alitueleza kwamba wachimbaji wa enzi zile walikufa vijana kwa vumbi la mawe, hata aliyefikisha miaka thelathini alipikiwa wali mwekundu na samaki, akasherehekewa kama mzee. Kisha akauliza kama kati yetu kuna mtoto wa mchimbaji. Wenzangu wakatikisa vichwa. Nami nikajibu, tena kwa kicheko, "Kwetu hakuna."

Uongo mtupu. Mjomba Saidi, aliyenilea, alichimba tanzanaiti Mererani mpaka mapafu yakamshinda.

Basi ndotoni nateremka pangoni. Taa yangu ni kombe la baharini lililotiwa mafuta, kama lile tulilooneshwa mchana. Ukutani fedha imejificha ndani ya mawe meupe, imechanganyika na shaba na risasi. Nageuka, na pango limekuwa ukumbi. Wanaume wembamba wameketi mikekani, wali mwekundu unafuka mvuke mbele yao. Pembeni mawe yanayeyushwa pamoja na risasi juu ya jivu. Jivu linainyonya risasi yote, fedha inabaki peke yake, inang'aa. Naona haya kuitazama, sijui kwa nini.

Mjomba anaingia. Amevaa buti zake za mpira, na kitambaa alichozoea kujifunga puani kimekuwa cheusi kwa vumbi la kinywe, lile jiwe laini la penseli linaloizunguka tanzanaiti. Anakohoa. Kikohozi kile ningekitambua popote. Nimekua nikikisikia ng'ambo ya ukuta.

"Una miaka mingapi?" wanamuuliza.

"Arobaini na moja."

Wote wanainama mpaka vipaji vya nyuso vinagusa mikeka. Hawajapata kuona mzee kama huyu. Wanamkalisha mahali pa heshima, kisha mmoja wao ananyanyua bakuli na kuangaza macho ukumbini.

"Mzee hulishwa na mtoto wake. Amekuja na nani?"

Mjomba hanitazami. Ananisitiri. Nataka kusema ni mimi, lakini ulimi umekuwa mzito. Natamani ardhi ipasuke inimeze, na tayari nimo ndani ya ardhi, nayo hainimezi. Mwishowe mtu baki anamega tonge la kwanza na kumlisha mjomba wangu, nami nimesimama palepale nikiwa na mikono yangu miwili mizima.

Anatafuna taratibu, bila hasira. Kisha yuko karibu yangu, ukumbi haupo tena, na taa ya kombe inakaribia kuzimika.

"Halima, mama," ananiambia, "mimi sikukohoa kwa wizi. Nilikohoa kwa kazi. Waambie."

Nikaamka. Mto ulikuwa umelowa machozi, na niliona aibu hata kuwasha taa, kana kwamba kuna mtu chumbani angeniona uso.

Asubuhi hii tunarudi mgodini. Sitamsubiri yule bibi aulize tena. Nitamwambia mbele ya wenzangu wote kwamba mjomba wangu alikuwa mchimbaji, na kwamba alifariki akiwa mzee sana. Alikuwa na miaka arobaini na moja.