Milimita Tatu kwa Wiki

Wateja walimwita Profesa, naye hakuwahi kuwakataza. Alikuwa kinyozi kwa miaka ishirini na miwili, mwenye kibanda cha viti viwili, kioo kirefu chenye ufa pembeni, na mdomo usiojua kupumzika. Ukikaa kwenye kiti chake, kabla hajamaliza kukufunga shuka shingoni umeshaanza kusomeshwa. Mba inatoka wapi, mvi huletwa na nini, kwa nini upara unapenda wanaume wenye mawazo mengi. Majibu yote alikuwa nayo, na aliyatoa kama mtu aliyesahau tu vyeti vyake nyumbani. Hesabu peke yake ndiyo hakuigusa. Aliikimbia tangu shuleni, na yenyewe haikuhangaika kumtafuta.

Somo lake kubwa kuliko yote lilikuwa hili: nywele zikinyolewa mara kwa mara, huota haraka. "Mashine inaziamsha," angesema, huku akipuliza vumbi la nywele kwenye meno ya mashine. "Ukiziacha, zinalala. Ukizigusa, zinashtuka." Watu waliamini. Vijana walileta videvu vitupu wakanyolewa ndevu ambazo bado hazijafika. Karani mmoja wa posta, ambaye utosi wake ulikuwa unang'aa tangu siku ya harusi yake, alikuja mara tatu kwa mwezi kuamshwa. Alishaamshwa miaka minne, na utosi ulikuwa bado umelala fofofo.

Lakini aliyemwamini kuliko wote alikuwa mke wake.

Mke wa Profesa alikuwa ameugua homa kali, wiki tatu za kulala na kutetemeka. Homa ilipoondoka, iliondoka na nywele. Zilitoka mafungu mafungu, kwenye mto, kwenye chanuo, kwenye beseni la kuogea, na yeye alikuwa mwanamke aliyezoea kusifiwa nywele na watu asiowajua. Siku alipokata shauri zinyolewe zote, alikaa kwenye kiti cha mumewe amefumba macho, na kwa mara ya kwanza Profesa alinyoa kichwa bila kutoa somo.

Mkewe alitaka kitu kimoja tu. Mdogo wake wa mwisho, ambaye alimlea mwenyewe baada ya mama yao kufariki, alikuwa anaolewa mwishoni mwa mwaka. Dada alitaka kusimama kando ya bibi harusi akiwa amesukwa nywele zake mwenyewe. Wigi hakutaka hata kulisikia. Alikwenda kwa msusi wa kibanda cha jirani, akauliza zinatakiwa ziwe ndefu kiasi gani. Msusi alichukua rula, akaweka kidole. "Dada, niletee sentimita nne na nusu, mengine niachie mimi. Chini ya hapo zinaniponyoka vidoleni."

"Hilo tu?" alisema Profesa. "Tutanyoa kila Jumamosi ya pili, mama watoto. Utaona zitakavyokimbia."

Basi akamnyoa. Baada ya wiki mbili akamnyoa tena. Akamnyoa mara sita kwa mtindo huo, na kila mara nywele zilikuwa zimefika palepale, kimo cha punje ya mchele iliyosimama, wala hazikuzidi. "Bado zinajiandaa," alimwambia. Mkewe alikuwa anajitazama kwenye kioo, anaitikia kwa kichwa, kisha anarudi nyumbani.

Binti yao alikuwa kidato cha tatu. Mwalimu wao wa hesabu aliwapa kazi ya wiki nane: kila mtu atafute kitu kinachokua chenyewe, akipime kila wiki, achore mstari wake kwenye karatasi ya mirabaraba, kisha aeleze mteremko wake na mkato wake. Wenzake walipanda maharage. Yeye pia alipanda, na kuku wa jirani akayamaliza kabla ya jani la pili. Akahamia kwenye kitu kisicholiwa na kuku. Kila Jumamosi alikuja kibandani na rula, akapima nywele za watu wawili: za mama yake, na za fundi viatu aliyekaa barazani kwa Profesa.

Fundi viatu alikuwa amekula kiapo kwamba hatakata hata unywele mmoja mpaka timu yake ishinde. Timu ilikuwa imefungwa au kutoka sare wiki nane mfululizo. Kwa sayansi, hakuna mtu aliyefaa zaidi.

Jumamosi ya mwisho, asubuhi, binti alikuja kupima kwa mara ya mwisho. Za mama alizipima nyumbani. Alitandika karatasi yake juu ya meza ya poda na mafuta, akaunganisha nukta, akaiangalia, akataka kulia.

"Mwalimu atanipa sufuri," alisema. "Mstari wa Fundi umenyooka. Wa mama umekuwa meno ya msumeno."

Profesa alikuwa amemaliza kichwa kimoja. Aliweka mashine kwenye kiti na kusogea. Kwa mstari uliochorwa kwa nywele, alijiona yuko kwake.

"Nieleze. Mimi si mtu wa hesabu, lakini nywele nazijua."

"Huku chini ni wiki. Huku wima ni milimita. Mkato ni pale mstari unapoukata huu mhimili wa wima, yaani urefu uliokuwepo siku ya kwanza kabisa, kabla wiki hazijaanza kuhesabiwa. Fundi alianza na milimita kumi, kwa hiyo mkato wake ni kumi. Mteremko ni mstari unapanda kiasi gani kila ukisogea wiki moja."

"Mteremko gani unaopanda?"

"Ndivyo kitabu kinavyosema, baba."

"Kitabu kimeandikwa na mtu aliyekuwa anakuja hapa kwa miguu," fundi viatu alisema kutoka barazani, maana kibanda kilikuwa juu ya kilima. Watu kwenye benchi wakacheka.

Profesa hakucheka. Alikuwa ameona nafasi ya kufundisha, na nafasi kama hiyo haikumpita. "Sasa tazama, mwanangu. Fundi hanyoi, kwa hiyo mstari wake umelala. Mama yako nanyoa mimi, kwa hiyo kila kijimstari chake kinapanda kwa nguvu. Andika hivyo. Mwalimu atashangaa."

"Lakini haupandi kwa nguvu, baba. Uko chini tu."

"Unapanda."

"Haupandi."

Karani wa posta alinyoosha shingo kutoka kwenye benchi. Profesa alichukua chanuo lake la mgongo ulionyooka, akaulaza mgongo huo juu ya mstari wa fundi viatu. Kisha, taratibu, bila kuupindisha, akaliteremsha mpaka kwenye jino la kwanza la msumeno wa mkewe. Likakaa sawasawa. Akalisogeza kwenye jino la pili. Likakaa. La tatu, likakaa. Alirudia tena kuanzia juu, akidhani mkono umeteleza. Kisha akahesabu kwa kidole kama mtoto wa darasa la kwanza: wiki moja kulia, milimita tatu juu. Wiki moja kulia, milimita tatu juu. Kwa Fundi tatu. Kwa mkewe tatu.

Aliinua macho akaitazama mashine yake pale kwenye kiti.

"Sasa mashine yangu inafanya nini?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Inaurudisha mwanzo kuwa sufuri," alisema binti, ambaye naye ndiyo kwanza alikuwa anaelewa, na uso wake ulichangamka kwa namna ambayo baba yake hakuipenda. "Ahaa! Kumbe si kosa langu! Kila ukinyoa, mstari unaanza upya kwenye sufuri, lakini mteremko ni uleule. Mashine haiugusi mteremko hata kidogo. Yenyewe inagusa mkato tu."

"Punguza sauti."

Profesa alitazama kalenda iliyotundikwa kando ya kioo. Zilibaki Jumamosi kumi na tatu hadi harusi. "Leo mama yako ana milimita ngapi?"

"Sita."

"Akiziacha hadi harusi?"

Binti aliandika pembeni ya karatasi. Sita, kujumlisha tatu mara kumi na tatu. "Arobaini na tano."

Sentimita nne na nusu. Isingebaki hata ya kukopesha.

"Na akinyoa leo?"

"Anaanza na sufuri. Thelathini na tisa. Hazifiki, baba."

Wakati huohuo mkewe akaingia, maana ilikuwa Jumamosi yake ya kunyolewa. Alisalimia benchi, akakaa kwenye kiti, akajifunga shuka mwenyewe. Profesa alitazama mashine, akatazama benchi. Watu wanne walikuwa wamekaa pale, wote wanafunzi wake, wote wamekuja kuamshwa. Miaka ishirini na miwili ya masomo ilimpita kichwani, kisha mwanaume mzima akafanya jambo la kitoto.

"Mashine imeungua," alisema.

"Si nimeisikia ikilia nikiwa njiani?"

"Ndiyo ilikuwa inaungua."

"Basi tumia wembe."

"Wembe hauna makali."

Mkewe alimtazama kupitia kioo. "Baba watoto, si wewe uliyesema zikipitiliza siku zinalala? Mimi siku zangu zinakwisha." Akafungua shuka, akalikunja vizuri, akaliweka kwenye kiti. "Niache niende kwa yule kijana wa ng'ambo ya barabara. Hatuwezi kupoteza wiki."

Akatoka. Kijana wa ng'ambo alikuwa amefungua kibanda chake cha kunyoa mwaka uliopita, chenye taa za rangi na redio kubwa, na Profesa alikuwa hajawahi kukanyaga mlango wake. Alisimama ameshika chanuo. Alijiambia mkewe atakuta foleni. Alijiambia harusi ni siku moja tu, na wigi zipo nzuri. Karani wa posta alikuwa anamwangalia kwa imani yake yote, upara ukimeremeta.

"Baba," alisema binti. "Anakaa kwenye kiti."

Profesa alikwapua karatasi mezani na kutoka mbio za kufa mtu, aproni ikipepea, chanuo mkononi. Pikipiki ilimpigia honi, mama muuza nyanya akamwita mwehu, naye hakugeuka. Alipofika mlangoni kwa kijana, mashine ilikuwa inanguruma, shibiri moja kutoka kwenye paji la uso la mkewe.

"Zima! Usimguse!"

Kijana alizima mashine, akazima na redio kwa hofu. Nyuma ya Profesa walikuwa wamefika binti, fundi viatu mwenye kiatu cha mtu mkononi, na benchi zima, maana kitu kama hicho hakitazamwi kwa mbali.

"Nimekudanganya," alisema Profesa, akihema. "Sikukusudia, lakini nimekudanganya. Kunyoa hakuharakishi nywele. Wala hakujawahi." Aligeuka akawaambia na wale wa mlangoni, kwa sababu alijua asipowaambia sasa hatawaambia tena. "Hakuharakishi. Wote nimewadanganya."

Karani wa posta alipeleka mkono utosini, akauacha hapo.

"Kwa hiyo hizo mara sita?" mkewe aliuliza.

"Mara sita nimekurudisha sufuri."

Alisubiri atukanwe. Angependa atukanwe. Lakini mkewe aliposema, hakusema habari ya harusi.

"Mimi nilijua zimekufa," alisema. "Kila Jumamosi ya pili nakuta zipo palepale. Nikasema homa imeziua, mwili umezikataa, ila huyu ananionea huruma hataki kuniambia. Nilikuwa nafungulia maji bafuni ili usinisikie nikilia."

Profesa, mwenye jibu la mba na mvi na upara, alikuwa amelala kitanda kimoja na kilio hicho miezi mitatu, na kilichomwuma zaidi ni kwamba yale maji alikuwa akiyasikia, akidhani ni maji tu. Alipiga magoti kando ya kiti na kuifungua ile karatasi, iliyojikunja kwa jasho la mkono wake.

"Huu wa juu ni wa Fundi, ambaye hajaugua hata mafua. Wiki moja, milimita tatu. Ona. Na hivi vifupi ni wewe. Wiki moja, tatu. Hapa nimenyoa. Wiki moja, tatu. Hapa nimenyoa tena, Mungu anisamehe. Tatu. Mwanao ndiye aliyepima. Kuota hakujapungua hata mara moja. Hizi nywele hazijaacha kuota hata siku moja, mke wangu. Mimi ndiye niliyekuwa nazikata."

Mkewe aliweka kidole kwenye kijimstari cha kwanza na kukipandisha polepole, kisha cha pili, kisha cha tatu. Alipofika cha mwisho machozi yalikuwa yanadondoka kwenye mirabaraba, na binti alitaka kuinusuru kazi yake ya shule, lakini fundi viatu akamshika bega.

"Zinaota," alisema mkewe.

"Zinaota."

"Nywele zangu zinaota," alimwambia kijana wa ng'ambo, kama vile ndiye aliyebisha. Kijana akasema ndiyo, mama. Mkewe akajifuta uso kwa shuka la kijana, akasimama, akaichukua karatasi. Kisha akamtazama mumewe, ambaye bado alikuwa chini amepiga magoti.

"Wiki kumi na tatu," alisema. "Usinisogelee kichwani hata na hilo chanuo."