Mbuzi Waliozoea Lusina

Mwaka ule serikali iliacha kutuletea dawa za mifugo. Zikawa zinauzwa madukani mjini Dodoma, nami, bibi mifugo wa kijiji, nikabaki na ushauri mtupu. Kiangazi kilipomaliza nyasi, nilimwambia mjane mmoja awakatie mbuzi wake majani ya lusina, miti tuliyoipanda kuzuia mmomonyoko. Mbuzi walishiba. Mwezi wa pili wa kula majani hayo manyoya yakaanza kupukutika, shingo zikavimba, wawili wakafa.

Nilipofika kwake nilimwamkia shikamoo.  Alinionyesha mbuzi kumi na mmoja waliobaki, akasema, "Mimi mti huu sikuujua. Wewe ndiye uliyeujua."

Kuacha lusina kulimaanisha njaa, kwani jani jingine halikuwepo. Nilimwandikia mwalimu wangu wa chuo, na kabla jibu halijafika akafa mbuzi mwingine. Mwalimu alieleza kuwa sumu ya lusina imejengwa kama pete, na mbuzi waliouzoea mti huo wana bakteria tumboni wenye vimeng'enya vya kuikata pete hiyo. Wetu hawakuwa nao. Akaniagiza nitafute mbuzi aliyezoea, nichukue maji ya tumbo lake yangali na joto, niwanyweshe wagonjwa. Yakipoa au yakipigwa na hewa, bakteria watakufa.

Katika kijiji cha Ihumwa kulikuwa na mfanyakazi wa reli aliyehamia na mbuzi wake kutoka Tanga. Walikula lusina kila siku na walinawiri. Alipochinja mmoja kwa harusi ya bintiye, nilikamua maji ya tumbo lake kwa kitambaa, nikajaza chupa ya chai mpaka mdomoni, nikapanda baiskeli. Nusu ya njia nikapata pancha. Niliikokota nikikimbia, chupa nimeibana kwapani, nikihesabu dakika.

Mjane aliyanusa yale maji ya kijani.

"Na hawa wakifa?"

Nilimwambia sijui. Akamkamata mbuzi wa kwanza, akampanua taya.

Kwa wiki tatu nilipita pale kila asubuhi nikiogopa kuchungulia zizini. Wawili walikufa. Wanane waliendelea kula lusina ileile, na siku moja nikaona manyoya mafupi yakiota mgongoni mwa beberu.

Mjane hakunishukuru. Ila wiki iliyofuata jirani yake alinijia akikokota mbuzi mwenye upara, akasema ameelekezwa kwangu.