Mkanda alioukunja fundi wa Kasumulu

Saa mbili asubuhi, mvua imekatika mpakani Kasumulu, na Anyelwisye Mwambungu amelala chali kwenye tope, chini ya trela. Juu yake kuna gari dogo jeupe lililokufa injini, linalopelekwa Mbeya kwa matengenezo. Anapapasa mikanda inayolishikilia mmoja baada ya mwingine, upande wa juu na wa chini, taratibu kama mtu anayechambua mchele.

Anatoka na mmoja mkononi. Katikati yake kuna mchaniko usiozidi ukucha.

"Huu hauendi," anamwambia dereva.

"Fundi, si kamchaniko tu hako! Geuza upande wa pili, tufunge tuondoke."

Anyelwisye anachomoa kisu kiunoni, anaukata mkanda vipande viwili na kuvitupa mtaroni. Dereva anafoka, anamwita mwendawazimu, anaapa kutafuta mtu mwingine wa kumfungia gari. Wanawake wanaouza ndizi kando ya barabara hawageuki hata kutazama. Wamemzoea.

Anyelwisye, mwenye umri wa miaka 43, ni mkazi wa Bondeni mjini Kyela na baba wa watoto watatu. Kazi hii ya kufunga magari kwenye trela ameifanya hapa mpakani kwa miaka kumi na sita. Analipwa kati ya shilingi elfu kumi na elfu ishirini kwa gari moja. Wiki nzuri humpa magari sita. Wiki mbaya humpa moja, au hakuna kabisa.

"Watu wanadhani ni kufunga kamba tu," anasema. "Gari likiwa juu ya trela linatafuta njia ya kushuka muda wote. Barabara ikiteremka, linasukuma mbele. Ikipanda, linavuta nyuma. Kazi yangu ni kulinyima njia."

Ndiyo maana hulisogeza gari mbele kidogo ili uzito usining'inie nyuma ya trela. Huweka breki ya mkono, hupiga kabari kwenye matairi, kisha hufunga mikanda minne, kila kona mmoja. Na kila dereva humwambia neno lilelile: ukishatembea kilomita chache, simama, shuka, kaza tena.

Machi, miaka mitatu iliyopita, alisema neno hilo kwa dereva mmoja aitwaye Lameck, aliyekuwa akivuta gari bovu kuelekea Tukuyu. Lakini kuna jingine hakulisema.

Mchana ule mvua ilikuwa ikinyesha. Lameck alikuwa na mikanda minne tu, na mmoja ulikuwa umechanika. Mwenye gari alisimama pembeni na mwavuli, akiuliza kila dakika kama bado.

"Niliuona," anasema Anyelwisye. "Niliuona kama ninavyokuona wewe. Nikaukunja, ule mchaniko ukaingia chini ya tairi ili mwenye gari asiuone. Nikajiambia, Tukuyu si mbali, utafika tu."

Haukufika. Kwenye mlima, Lameck akilipita lori mahali penye kona, mkanda ule ulikatika. Uzito wote ukaangukia mitatu iliyobaki, ikalegea, na gari likateleza kinyumenyume likatoka kwenye trela. Pembeni mwa barabara alikuwa akipita Hosiana, mama wa watoto wanne, akitoka sokoni na kikapu kichwani. Alifia palepale.

Lameck alishtakiwa kwa kuendesha kwa hatari. Alifungwa miezi kumi na minane na kupoteza leseni. Siku hizi anabeba magunia ya mpunga mashineni.

Anyelwisye aliulizwa swali moja tu na polisi.

"Waliniuliza nilifunga mikanda mingapi. Nikasema minne. Ilikuwa kweli." Anafuta tope kwenye kiganja. "Ukweli wa namna ile unakula mtu."

Aliporudi kazini, alishindwa hata kuingiza ndoano ya mkanda kwenye tundu lake. Kanisani, sahani ya mkate wa Meza ya Bwana ilipokaribia safu yake, alikuwa akiinuka na kutoka nje. Mkewe, Marta, alidhani ana mwanamke mwingine. Ilipita karibu mwaka ndipo akamweleza.

"Nililia," anasema Marta. "Kisha nikamkataza kwenda kusema. Nikamwambia, baba Tumaini, marehemu harudi. Ukifungwa wewe, hawa watoto nitawapeleka wapi?"

Alitii kwa muda. Desemba iliyopita akashindwa. Alipanda pikipiki ya kukodi mpaka kijijini kwa Sylvester, mume wa Hosiana, mkulima wa kakao. Alimkuta uani akigeuza kakao juani, akamwamkia na kumsimulia yote akiwa amesimama.

Sylvester aliendelea kugeuza kakao. Alipomaliza mkeka mzima ndipo akauliza, "Lameck anajua?"

"Hajui, kaka. Mkanda ulikuwa wake, lakini nadhani hakuuangalia. Mke wangu tu ndiye anayejua."

"Na sasa mimi."

"Ndiyo, kaka. Nimekuja kuomba..."

"Usiombe." Sylvester aliweka reki chini. "Mdogo wangu, mke wangu alifia barabarani, mbele ya watu. Wewe unakuja kunieleza hapa uani, sisi wawili, ili ukalale usingizi. Mimi nilale wapi? Nenda. Ukishayasema mbele ya watu, ndipo uje uombe."

Anyelwisye anasema alitembea kwa miguu karibu saa nzima kabla ya kukumbuka kwamba alikuwa ameacha pikipiki ikimsubiri.

Tangu hapo, mkanda wowote mbovu anaokutana nao anaukata. Kisu hicho kimemfukuzia karibu nusu ya wateja, maana wapo wafungaji wasiouliza maswali. Mwanawe mkubwa, Tumaini, amerudishwa nyumbani kutoka hosteli na sasa anakwenda shule kwa miguu.

Magari bado yanapita. Siku tunayozungumza naye, tunahesabu matrela matatu yakiondoka mpakani kuelekea milimani. Kwenye moja, gari limefungwa kwa kamba ya katani. Anyelwisye anakimbia nyuma yake akipunga mikono, lakini dereva hasimami.

Anarudi akihema, anakaa juu ya tairi kuukuu. Anasema Jumatatu atakwenda kituo cha polisi kuandikisha maelezo mapya, kisha atapita mashineni kumtafuta Lameck. Hajui kitakachofuata. Marta atamsindikiza.

"Bado naogopa," anasema Marta. "Lakini nimechoka kuishi na mtu ambaye hayupo."

Tunamuuliza Anyelwisye kama angependa tutumie jina jingine gazetini. Anatikisa kichwa.

"Andikeni langu, lote. Gazeti likishatoka nitalinunua, nimpelekee kaka Sylvester kwa mkono wangu. Akinifukuza, anifukuze. Safari hii atakuwa anamfukuza mtu aliyesema."