Nimelilia filamu ya pembe za godoro siku ya posa

Leo huenda nimekosa mume kwa sababu ya filamu.

Mnaijua. Ni ile ya wapagazi wa Bagamoyo ya kale, ambayo mji mzima uliicheka kwa sababu pembe za ndovu zimechongwa kwa godoro na zinapinda upepo ukivuma.

Mimi naipenda. Sitanii.

Mshenga na wazee wa mchumba wangu kutoka Saadani walikuwa sebuleni. Mimi chumbani nasubiri kuulizwa, simu mkononi, nimefika pale mpagazi anapotua mzigo na kukataa kuuinua tena.

Shangazi akaingia kuuliza kama naridhia, akanikuta nalia kwa kwikwi.

Nilipaswa kunyamaza tu. Kwetu kunyamaza ndiko kukubali.

Akarudi sebuleni. "Mtoto analia. Hataki."

Namtaka. Mwaka wa pili huu namtaka. Nikajitanda khanga, nikatoka, nikawaamkia wazee, nikaeleza nililia filamu gani.



"Ile ya magodoro?" akauliza mshenga.

"Ndiyo, babu."

Baba akajifuta uso. "Mwanangu, bora ungesema humtaki."

Upande wetu tumekubali. Sasa wao ndio wameomba siku mbili wafikiri.

Kama nawe ulilia pale, jitokeze hapa chini. Nahitaji mashahidi kabla ya Ijumaa.